Mfumo Uliomzika Mzee Banzi

Mliponifanyia sherehe ya kuniaga, Rehema alisimama na kipaza sauti akaomba niwaachie maandishi ya kazi. Akaongeza kwamba habari za vyeo na mishahara niziache, hazimsaidii mtu. Nikamjibu kwamba hata ningetaka kuziandika zisingejaza nusu ukurasa, watu wakacheka, nikaendelea na pilau yangu. Sasa niko nyumbani Mafiga, hapa Morogoro mjini, asubuhi ni ndefu kuliko nilivyodhani, na kuku wangu hawana swali hata moja la kuniuliza. Basi nimekaa nimeandika.

Nilianza kwenye umoja wetu wa wakulima kama karani wa kupiga chapa. Sikuwa mtu wa Morogoro. Nilizaliwa Upareni, nikaja huku kwa kuolewa na Mluguru, na siku ya kwanza kazini nilikuwa bado najifunza njia ya kutoka sokoni kwenda nyumbani. Aliyenipokea ni Bi Mwantumu, Mungu amrehemu, mwanamke wa hapa hapa mjini, mwenye sauti ndogo na macho yasiyopitwa na kitu. Alinionyesha taipureta, kisha mashine ya kurudufu, ile ya kuzungusha kwa mkono ikatoa nakala kwa wino. Akaniambia, "Hii usiizoee. Ikiona umeizoea inakumwagia." Mimi nikataka kujua wino unapita wapi. Alipokwenda kuswali adhuhuri nikaifungua. Nilirudi nyumbani mikono myeusi hadi kwenye viwiko, mume wangu akaniuliza kama nimeajiriwa gereji.

Bi Mwantumu hakunigombeza. Aliniuliza tu nimeona nini mle ndani. Nikamweleza, akasikiliza mpaka mwisho, na tangu hapo mashine ikiharibika naitwa mimi. Alikuwa na tabia moja ambayo niliichukua kwake na sijaiacha: akiletewa chombo kipya, swali lake la kwanza lilikuwa kinafanya nini kikikosea. Wauza vyombo walikuwa hawampendi kwa hilo.

Kazi yenyewe ilikuwa karatasi ya bei. Tunaandika bei ya kabichi, karoti, viazi na njegere, tunarudufu, tunawapa madereva wa magari ya Mgeta, milimani, wakabandike kwenye maduka huko juu, ili mkulima akishuka na matenga yake asidanganywe. Baadaye zikaja kompyuta, zikaja simu za mkononi, ikaja tovuti.

Tovuti ya kwanza alitutengenezea kijana mmoja aliyekuwa anaishi Mzumbe, fundi hodari na mpole. Kila kitu alikiandika mwenyewe tangu mwanzo, na aliyejua kubadilisha bei ni yeye peke yake. Kisha akapata kazi Dodoma. Njegere zikapanda, zikashuka, zikapanda tena, tovuti imekaa na bei yake ile ile. Nikimpigia ananijibu, "Mama, nipo kwenye kikao." Nilianza kudhani Dodoma nzima ni ukumbi mmoja.

Ndipo meneja wetu, Bwana Massawe, akaamua tutafute mfumo ambao mtu yeyote wa ofisini ataweza kuutumia. Tulitaka mambo mawili. La kwanza, sehemu ya kuandika na kubadilisha yaliyomo kwenye tovuti: bei, habari, na ukurasa wa kila mkulima wenye picha yake na mazao yake. La pili, sehemu ya kutunza watu, yaani wakulima wetu na wanunuzi, simu zao, nani anamuuzia nani, na kuwatumia meseji bila kuandika moja moja. Kazi ya kuchagua akatupa mimi na Rehema, afisa wetu wa teknolojia. Wapya mnamwona Rehema leo anajua kila kichochoro cha mkoa huu. Wakati ule ndiyo kwanza alikuwa amekuja kutoka Kigoma. Aliniambia, "Mama, wewe uliza, mimi nitabonyeza." Sijapata kupangiwa kazi iliyonifaa kama hiyo.

Tuliangalia mifumo mingi tukabaki na miwili. Mmoja ulikuwa wa kampuni, wa kulipia kila mwezi, tovuti na watu vyote ndani ya nyumba moja. Ulikuwa mzuri jamani, una rangi, una michoro, vitufe vinateleza vyenyewe. Rehema akaubatiza Bwana Harusi. Wa pili ulikuwa wa bure, umetengenezwa na watu wa kujitolea huko duniani, na ukitaka kitu unaongeza kiraka: kiraka cha watu, kiraka cha meseji, kiraka cha picha. Huo nikauita Mtumba, maana ni kama nguo ya mnadani, lazima uipeleke kwa fundi ndipo ikukae. Massawe alikuwa upande wa Bwana Harusi kabla hata hajavuta kiti. "Mfumo wa bure ukiharibika," alisema, "mtamlaumu nani?" Halikuwa swali la kijinga. Mimi mwenyewe lilinikosesha raha.

Tukakubaliana tuijaribu yote miwili kwa wakulima wa Nyandira, huko huko Mgeta. Taarifa zao tuliziingiza kotekote, ila wanunuzi tuliwaunganisha na Bwana Harusi, kwa sababu yeye meseji zake zilikuwa tayari zinakwenda. Tuliichagua Nyandira kwa sababu huko stroberi zilikuwa zimeanza kuwachanganya watu akili, na mbele yao wote alikuwa Mzee Banzi.

Mzee Banzi alianza na matuta machache, lakini majaribio yalipoanza aling'oa viazi kwenye matuta yake yote ya mlimani akapanda stroberi. Kisa, hoteli moja ya Dar es Salaam iliona ukurasa wake kwenye tovuti yetu ya majaribio, ikaahidi kuchukua mzigo wake kila wiki ya msimu. Watoto wake walimwambia wazi kwamba amechanganyikiwa. Stroberi haina subira, ikichumwa leo, keshokutwa ni uji. Hoteli ikimwacha, mzee hana mwingine wa kumuuzia mzigo wote ule, na viazi vya kula nyumbani ndiyo vile ameshaving'oa. Kila akipiga simu ofisini swali lake lilikuwa moja: "Mama Naomi, yule wa hoteli bado ananipenda?" Nikimwambia bado, anakata simu bila kuaga.

Sasa, kabla ya kuanza kutuma meseji kwa wakulima, Bwana Harusi alitaka kila namba ihakikishwe. Mimi siku hiyo nilikuwa Dumila nimefuata wanunuzi wa vitunguu. Rehema akakaa na simu. Mzee Banzi hakupatikana, simu yake ilikuwa imepelekwa kuchajiwa. Kulikuwa na namba ya pili, ya mtu wake wa karibu, na hiyo ilikuwa ya jirani yake Mzee Lukanda. Mazungumzo yao Rehema alinisimulia baadaye, neno kwa neno, na mpaka leo nikimwomba ananirudia.

"Shikamoo baba. Namtafuta Mzee Banzi."

"Marahaba, mwanangu. Banzi yupi, yule mchoyo?"

"Mzee Banzi wa stroberi."

"Huyo tumeshamzika. Juzi tu. Hata sufuria zake tumeshagawana."

Rehema akashtuka. "Jamani. Poleni sana, baba."

"Tumeshapoa," akasema Lukanda. "Hakuwa na faida sana."

Lukanda na Banzi ni watani. Koo zao ni za utani tangu enzi za babu zao, na kwa Waluguru huo si mchezo wa kupitisha muda. Mtani wako anakutukana mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kununa. Anachukua kuku wako anaondoka naye mchana kweupe. Na ukifa, yeye ndiye mwenye kazi ya mazishi, na pale pale msibani anavaa koti lako, anatembea ulivyokuwa ukitembea, mpaka waliokuwa wanalia wanacheka na machozi yao usoni. Mama mkwe wangu alipofariki, mtani wake aliingia kaburini akajilaza, akakataa kutoka mpaka apewe chochote. Mimi bi harusi wa Kipare nilidhani mtu kapandwa na wazimu. Kwa hiyo Lukanda kumzika Banzi kwa mdomo ilikuwa ni salamu tu, alikuwa akimzika hivyo kila akikutana naye njiani. Rehema utani anaujua, nchi hii nani asiyeujua? Ila aliyekuwa akiongea naye ni mtu mzima asiyemfahamu, aliyeitikia shikamoo yake vizuri. Yale maneno ya kutokuwa na faida alidhani ni uchungu, maana kuna watu msiba huwatoa maneno ya ajabu.

Bwana Harusi alikuwa na kitufe cha mtu aliyefariki. Rehema akakibonyeza. Hapo hapo ukurasa wa Mzee Banzi ukaondoka kwenye tovuti. Namba yake ikafungwa ili familia isisumbuliwe na matangazo. Na wanunuzi wake wote wakaandikiwa taarifa fupi ya masikitiko, ya heshima kabisa, bila mtu kuiandika. Niliposimuliwa baadaye nilistaajabu kwa kweli. Yaani mtu fulani, mahali fulani, alikaa akaufikiria msiba, akautengenezea kitufe. Nilitamani nimjue, nimuulize alikuwa amefiwa na nani.

Asubuhi yake nimefika ofisini, hata mkoba sijaweka chini, simu inaita. Alikuwa Bi Salha, mnunuzi wa ile hoteli.

"Mama, poleni na msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa Mzee Banzi. Si mmetuandikia? Nimeshaongea na watu wa Lushoto watuletee stroberi, maana wageni wangu hawasubiri."

Nikakaa. Nilimlilia Mzee Banzi pale mezani, sioni haya kusema, nilikuwa nimemzoea yule mzee na simu zake zisizo na kwaheri. Rehema akaja na glasi ya maji. Nikamuuliza habari kazipata kwa nani, akasema kwa mtu wake wa karibu, Mzee Lukanda, na maskini hata sufuria wameshagawana.

"Wamegawana nini?"

"Sufuria, mama."

Nikafuta machozi. Nilijikuta nacheka na kukasirika kwa wakati mmoja. Nikampigia Lukanda.

"Lukanda, umemuua mtani wako."

"Nimemuua mara nyingi, shemeji. Hafi."

"Safari hii amekufa. Hoteli imeandikiwa, na wamepata mtu mwingine wa stroberi."

Nilisikia jogoo wake huko nyuma. "Gari la hoteli si linakuja kesho?" akauliza, na sauti ilikuwa imebadilika. "Mbona wanachuma? Yeye na wanawe, wako shambani tangu alfajiri." Kisha akasema, "Napanda huko sasa hivi, nampelekea simu yangu." Na yeye akakata bila kuaga.

Huku nyuma sisi tukaanza kumfufua mtu. Bwana Harusi akakataa. Ukigusa jina la Banzi anakuambia kumbukumbu imefungwa. Rehema akajaribu kumsajili upya, akajibiwa kwamba namba hiyo ni ya marehemu. Tukawaandikia kampuni yenyewe. Wakajibu kwa adabu sana kwamba kufunga moja kwa moja kumewekwa kwa ajili ya usalama, na kwamba tuwatumie hati inayothibitisha kwamba taarifa ya kifo ilikosewa. Nikawauliza hati hiyo inatolewa na nani. Wakasema hawajui, hawajapata kuombwa.

Hasira zangu mnazijua. Sisi Wapare tunasemwa kwa kupenda kesi, na siku hiyo kesi niliitaka hasa. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kinaniwasha.

"Rehema," nikasema, "muue na kwa Mtumba."

"Mama?"

"Banzi yumo kwa Mtumba pia. Muue tuone."

Mtumba naye alikuwa na kitufe hicho. Rehema alisita, kidole kiko juu yake. Jana alibonyeza akiamini ni kweli, leo anajua mtu ni mzima. Akabonyeza. Ukurasa ukafichika na jina lake likatoka kwenye orodha ya meseji. Hakuna aliyeandikiwa chochote. Chini kabisa ukatokea mstari unaosema kilichobadilishwa na aliyebadilisha, na pembeni yake kitufe cha kurudisha hali ya mwanzo. Rehema akakibonyeza, na Mzee Banzi akarudi na kofia yake na stroberi zake mkononi, kama alivyokuwa. Tukamuua tena. Akarudi tena. Nikataka kujua kama tukimuua huku picha yake imebadilishwa atarudi na picha ipi, tukajaribu na hilo. Tulisahau kabisa kwamba kuna watu wanatupigia hodi.

Massawe akaingia. "Mnafanya nini?"

"Tunamfufua Mzee Banzi," nikamwambia.

Akavuta kiti, tukamwonyesha yote miwili. Aliangalia kwa makini, hilo nampa sifa zake, kisha akauliza swali ambalo mimi nilikuwa sijaliuliza. "Na mtu akifa kweli, huu wa bure utawaambia wanunuzi?"

"Hautawaambia," alisema Rehema. "Itabidi tuwapigie sisi wenyewe."

Massawe akafikiri. "Basi chukueni huu," akasema. "Habari ya kifo afadhali aitoe mtu." Na hivyo ndivyo Mtumba alivyopata kazi. Nawaambia kwa sababu kila mwaka anatokea mmoja wenu kuniuliza kwa nini hatutumii mfumo mzuri.

Ila Mtumba hakuwa dawa ya siku ile. Stroberi zilikuwa zinachumwa na mnunuzi hayupo. Simu ya Lukanda ikaingia, anahema, yuko shambani kwa Banzi. Rehema akamuunganisha na Bi Salha, na sisi tukisikiliza.

"Shikamoo. Naongea na nani?" akauliza Bi Salha.

"Marahaba, binti yangu. Unaongea na marehemu."

Hakucheka mtu. Mzee Banzi akakohoa, kisha akaongea taratibu. "Sikuombi unionee huruma. Nimeng'oa viazi vyangu kwa neno lako. Nimechuma tangu alfajiri, zimepangwa kwenye kreti, ziko kivulini. Lete gari lako uzionje. Zikiwa mbaya, nizike wewe mwenyewe."

Bi Salha akasema watu wa Lushoto ameshawaahidi na hawezi kuwageuka. Kesho angechukua nusu ya mzigo wa mzee, na wiki inayofuata angeona zipi zimependwa na wageni wake.

"Na nusu nyingine?" akauliza Banzi.

"Nusu nyingine siwezi, baba."

Nusu hiyo tuliihangaikia. Akina mama wa kikundi cha jemu hapa Mafiga walichukua walichoweza kupika, na zilizobaki zilioza. Iliniuma, na sitaki hadithi hii ikisimuliwa ofisini isimuliwe kama kwamba kila kitu kilienda vizuri. Lakini wiki iliyofuata Bi Salha alipiga mwenyewe, akataka mzigo wote wa Nyandira na msimu mzima.

Gari lililoshusha mzigo huo lilimleta na Mzee Banzi, na nyuma yake Lukanda, aliyedai amekuja kumlinda marehemu asitoroke. Rehema alitoka nje kuwapokea. Alikuwa amejiandaa siku nzima.

"Shikamoo baba. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Kaburi langu lilikuwa zuri?"

Tukawaingiza ndani, tukawapa chai. Rehema akamwonyesha mzee ukurasa wake kwenye Mtumba, na ile mistari ya chini iliyokuwa imebaki kutokana na majaribio yetu: amefariki, amerejeshwa, amefariki, amerejeshwa. Akamwambia kama inamkera anaweza kuifuta. Mzee Banzi alivaa miwani, akaisoma mistari yote kwa kidole. Lukanda akasema kwa vifo vyote hivyo anadai mbuzi kadhaa, na akaanza kuwachagua kwa rangi.

"Usifute," alisema Banzi. "Iwakumbushe, maana siku nikifa kweli, atakayewapigia simu ni huyu huyu Lukanda. Mwenye kazi hiyo ni yeye, sina mwingine."

Rehema alitazama kompyuta, akamtazama Lukanda. Niliona swali linamjia, na lilikuwa swali zuri kuliko yote tuliyouliza tangu tuanze kazi ile.

"Sasa baba, na siku hiyo si utatania vile vile? Mimi nitajuaje?"

Lukanda aliweka kikombe chini. Alimwangalia Banzi, Banzi akawa anatazama chai yake.

"Nitatania," Lukanda akasema. "Lakini sitaumaliza huo utani, mwanangu. Ukisikia nimeshindwa kuumaliza, hapo bonyeza."